Bakapu Ndiyo Hii Hii

Kwetu kazini ukisikia mtu anasema "leo tubakapu", ujue kompyuta imejaa. Hapakuwa na maana nyingine. Kompyuta ikijaa inaanza kukokota, unabonyeza kitu, unakwenda kuchemsha chai, unarudi bado inafikiria. Hapo mmoja wetu anafungua kabati, anatoa diski ya nje, ile tunayoiita eksteno, anaichomeka, anakata mafolda ya harusi za zamani upande huu na kuyabandika upande ule. Kompyuta inapata nafasi, sisi tunapata amani. Diski inafungwa kwenye kipande cha kitenge kwa sababu ya vumbi, inarudi kabatini. Tumebakapu.

Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikiwaeleza watu wa kompyuta yaliyotokea, wananitazama kama nimelewa. "Yaani mlikuwa mnakata? Hamkopi?" Ndiyo, tulikuwa tunakata! Mtaa mzima ulikuwa unakata. Ukikopi, kompyuta inabaki imejaa vilevile, sasa umefanya nini? Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yetu, na wala hayakuwa ya kijinga kama yanavyosikika leo. Mtu anayehangaika na nafasi anafikiria nafasi tu.

Studio yetu ni chumba kimoja cha kupanga, Kaloleni, mtaa niliozaliwa. Wazazi wangu walikuja hapa kutoka Kondoa kufanya biashara ya nguo, wakabaki. Mwenzangu katika kazi ni Mmeru wa Tengeru, Mlutheri asiyekosa ibada. Mimi napiga, yeye anahariri. Mimi nina mdomo, yeye ana subira, na biashara imesimama kwa sababu hatujabadilishana. Tulianza na kamera moja ya kuazima. Siku hizi kila bwana harusi anataka kamera mbili chini na moja ya kuruka angani, na picha iwe safi mpaka uone jasho la mpambe. Usafi huo unakula nafasi, jamani! Harusi moja ya sasa inameza nafasi iliyotosha msimu mzima wa kipaimara wakati ule tunaanza. Kwa hiyo tulikata na kubandika, tukakata na kubandika, na eksteno zikawa zinaongezeka kabatini.

Yule mama alikuja asubuhi, siku ya kawaida tu. Alitokea juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa mlima, kule wanakolima na kufuga. Alikuwa amejifunga shuka la bluu na ameshika kibuyu cha maziwa. Nilimwamkia kwa jina wanalomwitia mama kwao, "Shikamoo yeyo," akaitikia, akakaa kwenye kiti cha kupigia picha za pasipoti, akatazama kuta. Ukutani tumebandika maharusi. Akanyoosha kidole kwenye picha moja: kijana mrefu, suti ya bluu, anacheka na meno yote.

"Huyu ni wangu," akasema. "Ametangulia."

Ajali ya barabarani. Alikuwa ameshazikwa, matanga yameisha, wageni wameondoka. Nilimpa pole, mwenzangu naye akaacha kuhariri akaja kumpa pole. Tulidhani amekuja kuomba picha, watu huja hivyo. Kumbe shida yake ilikuwa nyingine.

Siku ya harusi ya mwanawe, mume wake alikuwa amelala nyumbani na mguu uliovimba, hawezi hata kujipeleka chooni. Mama akaenda kanisani, akaenda ukumbini, akakaa meza ya mbele, akalishwa keki. Giza lilipoanza kuingia akaomba gari, akarudi kwa mgonjwa. Hotuba ya shukrani ya bwana harusi ikaja yeye akiwa ameshaondoka. Baadaye watu walimwambia kwamba kijana alipofika sehemu ya kumshukuru mama yake alitaja habari ya kuondoka kwake.

"Nikawauliza, alisemaje? Kila mtu ananiambia, alisema maneno mazuri, yeyo. Lakini msibani kila mtu anasema mazuri." Akaweka kibuyu chini. "Mimi niliondoka kwenye harusi ya mwanangu. Kama alinilaumu, nijue. Nataka nisikie mwenyewe."

Nikamuuliza kama hakuna flashi nyumbani kwa marehemu, maana kila harusi tunakabidhi flashi. Ilikuwepo, akasema. Kijana aliifuta akaweka nyimbo za kusikiliza kwenye gari. Mke alimkataza, akamjibu kwamba studio wamehifadhi, umeme ukifika kwa mama atawanunulia TV na kuchukua nyingine.

Sasa ndiyo akaniuliza swali ambalo sitalisahau. "Si wewe ulisimama mbele yake na kamera? Alisemaje?"

Nilisimama mbele yake, ni kweli. Nilikuwa karibu naye kuliko mke wake. Na sikumbuki hata neno moja! Mpiga video hasikilizi hotuba. Anatazama kama betri inatosha, kama taa inapiga kipara cha mgeni rasmi, kama yule mjomba mlevi anakuja kusimama mbele tena. Nilimtazama mwenzangu nikitumaini kwamba aliyehariri atakumbuka. Akatikisa kichwa. Anachokumbuka yeye ni mtu aliyefuta uso kwa leso, na kwamba alipunguza kelele za jenereta.

"Usiwe na wasiwasi yeyo," nikasema. "Ipo."

Mwenzangu akafungua kabati, akafungua kitenge, akachomeka eksteno. Taa ikawaka. Kisha tukasikia sauti, kra, kra, kra, kama mtu anakwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Akachomoa, akachomeka tena. Kra, kra. Akabadilisha waya. Kra.

"Fungua kwenye kompyuta basi," nikamwambia.

"Kwenye kompyuta haipo."

"Haipo vipi? Si ulisema ina bakapu?"

"Ndiyo hii."

"Hii ni bakapu. Yenyewe iko wapi?"

"Yenyewe ndiyo hii hii."

Yarabi! Nilimtazama, akanitazama, na nadhani ni sekunde ile ile sote wawili tuliielewa kazi yetu kwa mara ya kwanza. Kabati lile lote, eksteno zote zile zilizofungwa vitenge kama watoto wakati wa baridi, hakuna kitu humo kilichokuwa mahali pawili. Kila harusi ilikuwa mahali pamoja tu. Tulikuwa tumezihamisha, basi.

Mimi nina hasira za karibu. Nilipandisha sauti, nikasema maneno ambayo hayakuwa ya kusemwa mbele ya mgeni, mwenzangu naye siku hiyo subira ilimwishia akanirudishia: nani kila siku anapiga kelele kompyuta imejaa, nani anasema hamisha, hamisha? Tukagombana pale mbele ya mama aliyefiwa kama wauza nyanya. Yeye alitusubiri. Tulipochoka akasema, "Nitarudi siku ya soko," akatuachia maziwa, akaondoka.

Eksteno tuliipeleka kwa fundi mjini. Aliishika sikioni kama daktari, akaiwasha mara moja, akaizima haraka. Akatukataza kabisa kuiwasha tena. Ndani ya diski, alisema, kuna sahani inayozunguka na kidude kinachoisoma bila kuigusa, na hicho kidude sasa kimeigusa. Kila ukiwasha kinakwangua kilichoandikwa. Alitusaidia kuituma Dar kwa watu wenye vifaa. Tulisubiri wiki kadhaa, na jibu likaja fupi: sahani imechubuka, hakuna kilichopatikana.

Katika kusubiri huko mama alikuwa anakuja. Kila siku ya soko anapita, anakaa kwenye kile kiti, anatuamkua, anatuuliza habari za watoto. Haulizi habari ya video. Akiona wateja wengi anasogeza kiti pembeni asizuie. Heri angenitukana! Mtu akinitukana najua pa kuanzia. Lakini huyu ananiletea maziwa mgando, ananiuliza kama kikohozi cha mwanangu kimepungua, na mimi natoka uani nakaa tu nimeshika kichwa.

Siku nyingine ambazo hakuja tulikuwa tunafanya kazi ambayo tulipaswa kuifanya tangu zamani. Tulinunua eksteno mpya kubwa, tukaanza kukopi. Kukopi, si kukata. Kila harusi iwe kwenye eksteno mbili, moja ibaki Kaloleni na nyingine mwenzangu aende nayo kwake Tengeru, ili moto ukiwaka au mwizi akiingia asipate zote. Kisha kuna ile ya kupandisha mtandaoni. Loo! Mara ya kwanza tuliweka harusi moja nzima ipande, mstari ukawa unasogea kama konokono, umeme ukakatika, ukaanza upya. Jumapili mwenzangu akatoka ibadani akakuta bado. Tukakubaliana mtandaoni ipande ile video iliyokamilika tu, na mali ghafi, vile vipande ambavyo havijahaririwa, ikae kwenye eksteno. Kabla ya kufuta memori kadi ya kamera, lazima mmoja wetu afungue kopi zote aziangalie kwa macho, aone watu wanatembea na sauti inasikika. Jina la faili kuonekana kwenye skrini si ushahidi. Kazi hii ni ya kuchosha na haina sifa yoyote, hakuna bwana harusi atakayekushukuru kwayo. Katika kufungua zile eksteno za zamani tukagundua nyingine imeanza kusitasita, tukaiwahi.

Lakini ya yule kijana haikuwa humo, na jibu la Dar lilipofika ilibidi mtu amwambie mama. Mwenzangu akasema, "Wewe ndiye mwenye mdomo." Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili chepesi bila kuzungukazunguka: chombo kimekufa, kilichokuwa ndani kimekufa nacho, kosa ni letu. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama kuna mwingine aliyekuwa na kamera siku ile.

"Hakuna yeyo. Tulikuwa sisi tu."

"Hata wenye simu?"

Nilitaka kumwambia kwamba wenye simu huwa wanapiga keki na nguo zao. Lakini mwenzangu akainua kichwa kutoka kwenye kompyuta. "Kamati," akasema.

Hapo nikakasirika upya, safari hii kwa sababu sikulifikiria mwenyewe. Harusi ya huku haiendi bila kamati, na kamati haiendi bila grupu la WhatsApp, na grupu likishaundwa halifi. Harusi ikiisha linatumika kwa mtoto kuzaliwa, kwa mgonjwa, kwa msiba. Tulimpata mwenyekiti wa ile kamati, mwalimu mstaafu mwenye sauti nzito. Kweli grupu lilikuwepo, watu wale wale. Lilikuwa limebadilishwa jina tu, likawekwa jina la msiba wa yule yule waliyemchangia harusi. Akaandika ujumbe humo: mwenye kipande chochote cha video ya hotuba ya bwana harusi akitume, mama anakihitaji.

Vikaanza kumiminika. Keki. Keki kwa upande mwingine. Mashangazi wanacheza. Mtu amejipiga mwenyewe na sahani ya pilau. Mwenyekiti mwenyewe akicheza, na huyo bila shaka hakukusudia kuituma. Hotuba hakuna. Niliwauliza mmoja mmoja, na jibu likawa lile lile: tungerekodi ya nini, dada, na nyinyi mpo na makamera yenu makubwa?

Kisha ukaja ujumbe wa mama mmoja wa kamati, anauza miche na mbegu za mboga sokoni Tengeru. Aliandika kwamba hotuba yenyewe hana, ila siku ya kuvunja kamati, maharusi walipokuja kushukuru na video ikaonyeshwa kwenye TV ya mwenyekiti, yeye alirekodi TV. Alitaka kumwonyesha dada yake aliyekuwa safarini. Haionekani vizuri, alisema, alikuwa amekaa nyuma na simu yenyewe imejaa, ameshafuta vingi. Akaituma.

Hatukuifungua. Mwenzangu alitaka tuifungue kwanza tuangalie, kama kijana amesema neno baya tujue tutamwambiaje mama. Nikamkatalia. Mama alisema anataka kusikia mwenyewe, na si sisi wa kumchujia. Tulibishana, ila kwa sauti ya chini safari hii. Mwenzangu akaikopi pale pale bila kuifungua, kwenye kompyuta, kwenye eksteno zote mbili na mtandaoni. Kipande kifupi namna ile kilipanda mara moja.

Siku ya soko mama akaja. Tukamweka mbele ya skrini kubwa ya kuhariria, nikafunga mlango, nikageuza kibao cha nje kisomeke tumefunga. Yeye alikaa wima, shuka limefungwa vizuri, kama anasubiri kuitwa hospitali.

Video yenyewe, mtu wa kazi yangu angeona aibu. Unaona visogo vya watu, na katikati ya visogo TV yenye mng'ao, picha inapanda na kushuka na mkono wa aliyeshika simu. Mtu anapita na sinia la nyama choma anaziba kila kitu. Watoto wanalia. Lakini kwenye ile TV alikuwepo, suti ya bluu, kipaza sauti mkononi, na sauti yake ilisikika.

"Mama yangu hayupo hapa ukumbini," akasema. "Ameondoka. Amekwenda kumhudumia baba."

Niliona mama anashika ukingo wa meza.

"Ndivyo alivyo. Hata nilipokuwa nasoma, siku ya kufunga shule wazazi wa wenzangu wanakaa mpaka mwisho. Yeye anakuja, ananiona, anarudi kwa ng'ombe. Nilikuwa nakasirika sana. Nalia mpaka wenzangu wananicheka." Akafuta uso kwa leso. Ni kweli, leso ilikuwepo. "Leo mbele ya mke wangu nasema sina hasira. Ng'ombe wale ndio walionisomesha. Angekuwa anakaa mpaka mwisho, mimi nisingefika hapa. Mama, asante. Umeondoka na baraka zangu, na mimi najua nimebaki na zako."

Ukumbi kwenye TV ukapiga makofi. Watu wa sebuleni kwa mwenyekiti nao wakapiga makofi. Mwenzangu alikuwa analia waziwazi, mimi nilikuwa nimegeukia ukuta. Mama hakutikisika. Nilinyoosha mkono nisimamishe, nikidhani imekwisha, maana sehemu ya kwetu sisi, ile tuliyoipiga na kuihariri, ilikuwa imeishia hapo.

Lakini simu ya yule mama wa mbegu ilikuwa bado inarekodi. Ikazunguka kidogo kutoka kwenye TV, tukaona goti la mtu, glasi ya soda, halafu kijana mwenyewe, si wa kwenye TV, yule wa sebuleni, na shati lake la mikono mifupi. Kumbe alikuwa amekaa jirani na aliyeshika simu. Sauti ya mwanamke ikamuuliza, "Haya maneno umeshamwambia mama?"

Akacheka, akajishika shingo. "Bado, dada. Nikifika mbele yake mdomo unakuwa mzito. Lakini ipo, ataona kwenye video."

Ikakatika hapo, picha ya mwisho ikabaki kwenye skrini.

Nje mtu alijaribu mlango, akaona umefungwa, akaenda zake. Mama alikuwa ameinama, uso wake karibu kabisa na skrini, mahali ambapo yule kijana alikuwa amekaa akijishika shingo.

"Nimeona, baba," akamwambia. "Nimeona."